Thavy na Taa ya Mchana

Mjini Battambang, nchini Kambodia, harusi haifichiki. Turubai hufungwa katikati ya barabara, pikipiki zinatafuta njia nyingine, na spika huanza kuimba kabla majogoo hawajaamka. Kwa miaka kadhaa nilipanga chumba juu ya duka la picha la Prum Thavy, nyuma ya soko kuu, na sikuhitaji kalenda kujua msimu wa harusi umefika. Nilitazama tu miguu ya mwenye nyumba wangu. Akiacha ndala na kuvaa raba, basi mvua zimekwisha na watu wameanza kuoana tena.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kupanga mashemeji kwenye mstari. Ukipita karibu na harusi anayoipiga picha utamsikia: "Wewe mrefu, nyuma. Wewe unayejificha, njoo mbele, hatuli watu. Babu, hayo meno umeyalipia, yaonyeshe." Na watu walimtii, kwa sababu aliwatania wote sawasawa, tajiri na maskini, na hakuwahi kumfanya mtu asimame juani muda mrefu kuliko lazima.

Watu walimjua pia kwa kichekesho kimoja. Yeye ndiye aliyekuwa anawasha flashi mchana.

"Dada Thavy, jua lote hili halikutoshi?"

"Linatosha. Ila halijaufikia uso wako, na sidhani kama lina mpango."

"Mwacheni," alikuwa akisema Samol, mpiga video aliyekuwa akifanya naye kazi. "Huyu ameolewa na duka la betri."

Walicheka, lakini picha zake ndizo walizozinunua. Anayeijua harusi ya kule ataelewa sababu. Chini ya turubai kuna kivuli kizito, na nje barabara ni nyeupe kwa jua. Maharusi wanakaa wakiupa mgongo mwanga huo, kwa sababu wazee wa ibada hupanga mikeka kwa hesabu zao wenyewe, wala hawamuulizi mpiga picha. Kamera inaona barabara inayong'aa, inadhani dunia nzima ina mwanga, inajibana isiingize mwanga mwingi. Matokeo yake ni barabara nzuri sana yenye pikipiki na muuza maji ya miwa, na mbele yake watu wawili weusi kama sufuria, wamevaa dhahabu. Wapiga picha wengine wa mji waliamini kuwa flashi ni ya usiku. Kamera zao ziliamini hivyo hivyo: ukiziachia zijiamulie, mchana haziwashi. Thavy alikuwa akibonyeza kitufe chenye alama ya radi, akailazimisha.

Jambo hilo hakulisoma popote. Alilipata utotoni, katika kambi ya wakimbizi mpakani mwa Thailand, kwa mtu aliyeitwa Nhem.

Nhem alikuwa akipiga picha za vitambulisho vya wakimbizi. Thavy alikuwa msichana wa kuchota maji. Watu walisimama mbele ya shuka, na nyuma ya shuka kulikuwa na anga la kiangazi, jeupe hata huwezi kulitazama. Nyuso zilitoka giza, na ofisi ilizirudisha. Basi Nhem akachukua mfuniko wa bati la mafuta, akausugua kwa mchanga, akampa Thavy. Kazi yake ikawa kusimama pembeni na kurusha jua lirudi kwenye uso wa anayepigwa.

"Si kwenye jicho," alikuwa akimfokea. "Unataka kumpofusha mama wa watu? Kwenye kidevu. Hapo. Sasa usipumue."

Kwa maelezo ya Thavy mwenyewe, Nhem alikuwa na hasira za karibu, aliiba kwenye karata, na hakuwahi kusema asante. Alifariki kabla kambi haijavunjwa, na hakuacha ndugu. Lakini kila mwaka, siku za kuwapelekea chakula wafu zilipofika, Thavy alifunga wali wa ndizi kwenye majani, akaongeza sigara moja, akaupeleka pagoda, kwenye hekalu la watawa, kwa jina la Nhem. Niliwahi kumuuliza kwa nini, wakati hawakuwa damu moja. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula.

"Yeye ndiye ananilisha mpaka leo," akasema. "Niliponunua kamera hii ya kidijitali, nikabonyeza ile radi mara ya kwanza na uso ukatoka, nilisema, hili hapa bati la mzee."

Lakini flashi si bati. Ukiiachia nguvu zake zote, kwa karibu, inaupiga uso mpaka unakuwa mweupe kama unga wa mchele. Hilo nalo Thavy aliligundua mapema, na aligundua pia kwamba wateja wake wanalipenda. Battambang ni mji ambao wasichana huendesha pikipiki adhuhuri wamevaa glavu na soksi, jua lisiwaguse. Bibi harusi hupakwa poda mpaka masikioni. Flashi ya Thavy ikaongeza poda nyingine juu ya ile, na albamu zikawa zinapitishwa mkono hadi mkono: tazama alivyong'aa. Thavy akaiweka flashi kwenye nguvu kamili, na hakuligusa tena gurudumu lake dogo la kupunguzia mwanga. Harusi zikaja, harusi zikaenda. Hakuna aliyelalamika.

Kisha akaja Kalyan.

Kalyan alikuwa karibu kuolewa na Visal, kijana mpole aliyekulia Melbourne na kurudi nyumbani kutafuta mke. Alikuja dukani jioni na mfuko wa plastiki uliojaa picha, akazimwaga juu ya kioo cha kaunta. Zilikuwa za harusi za binamu zake, miaka tofauti, wapiga picha tofauti.

"Mtafute mama mkubwa," akasema.

Thavy akavaa miwani. Katika kila picha, pembeni kabisa, pale turubai linapofunguka barabarani, palikuwa na umbo la mwanamke. Blauzi inaonekana, mikono inaonekana kidogo. Mahali pa uso kulikuwa na doa jeusi.

Mama mkubwa huyo ni Yorn, muuza tambi za mchele karibu na daraja. Mji mzima ulimjua, kwa sababu mchuzi wake wa samaki ulikuwa mzuri na mdomo wake ulikuwa mkali. Mama yake Kalyan, mdogo wake Yorn, alikufa kwa malaria mtoto akiwa bado hajatembea, na hakuacha hata picha moja. Yorn alimchukua mtoto. Yeye mwenyewe alifiwa na mume akiwa kijana, hakuolewa tena. Na kwa watu wa rika lake, mjane hakai mbele harusini. Anayetandika kitanda cha maharusi, anayewakata nywele kwa ibada, awe mtu ambaye nyumba yake haijavunjika, ili bahati yake iwaambukize. Siku hizi hakuna ambaye angemkataza Yorn kukaa anapotaka. Alijikataza mwenyewe. Alipika, aliosha vyombo, alipanga viti, na ibada ilipoanza alikwenda kusimama mdomoni mwa turubai, nusu ndani nusu nje, akitazama.

"Anasema picha inajua," Kalyan akasema. "Anasema kila harusi wenzake wanatoka, yeye hatoki. Kwamba ni ule mkosi wake. Nimemwambia nataka picha yake niitundike nyumbani kwangu kule Melbourne. Amekataa. Anasema nisitundike mkosi ukutani mwa nyumba mpya."

"Umemwambia aje hapa dukani?"

"Haji. Amesema atapigwa mara moja tu, siku ya harusi, kwa sababu nimelia. Akitoka vile vile, nisimuombe tena maisha yangu yote."

Thavy alizipanga zile picha kama karata, akazitazama moja moja. Kisha akaanza kucheka peke yake, taratibu.

"Unacheka nini, shangazi?"

"Nacheka watu wazima. Tangu lini mkosi ukakaa mahali pamoja? Tazama. Hapa yuko kwenye mdomo wa turubai. Hapa pia. Hapa pia. Ana jua mgongoni, mwanangu. Nenda kalale. Uso wake nitakupa."

Kalyan akaondoka amefurahi. Na Thavy akapanda kulala akiwa na uhakika wote, ndiyo maana yaliyofuata yalimuuma.

Siku ya harusi asubuhi ilikuwa kavu na yenye mwanga mkali. Upande wa bwana harusi ulikuja kwa maandamano, wawili wawili, wamebeba matunda na keki na kichwa cha nguruwe kwenye sinia. Wageni walikula uji wa wali na samaki. Mimi nilikuwa meza ya pembeni na majirani wa soko. Yorn alikuwa pale pale tulipojua atakuwa, mdomoni mwa turubai upande wa jua, amevaa blauzi ya lesi na sarong ya hariri nyeusi, kitambaa begani, mikono imekunjwa kama mlinzi. Alitazama ndani, walikokaa maharusi. Nyuma yake barabara iliwaka.

Baada ya ibada ya kwanza bibi harusi anabadilisha nguo, na hapo ndipo Kalyan alipotoroka. Alitoka amevaa hariri ya rangi ya dhahabu, amepakwa poda nzito, akatembea kwa hatua fupi mpaka alipo mama yake mkubwa. Thavy akafuata na kamera.

"Rudi ndani," Yorn akasema bila kumtazama. "Watu wanakuona umesimama na mimi."

"Ndio maana nimekuja. Waone."

"Dada Yorn," Thavy akasema, "ingia hatua mbili tu ndani."

"Sikuja kuwaharibia."

"Basi toka barabarani, ugeuke uelekee jua. Nitakupiga huko."

"Nimpe mgongo mtoto wangu leo? Piga hapa hapa. Nilisema moja."

Thavy akabonyeza radi, akapiga. Mwanga ukawaka. Yorn akanyoosha mkono apewe kamera, kwa sababu alikuwa amesikia kuwa hizi mpya zinaonyesha palepale. Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, kisha karibu, kama anavyopima samaki.

Uso ulikuwapo. Ulikuwa mweupe kabisa. Mikunjo imefutika, macho yamekuwa matundu mawili, shingo nyeupe, blauzi nyeupe. Kalyan pembeni yake naye alikuwa mweupe, lakini kwa bibi harusi ndivyo inavyotakiwa. Na kule, nyeupe ni nguo ya msiba.

"Huyu ni nani?" Yorn akauliza.

"Ni wewe, mama mkubwa," Kalyan akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Huyu amekuja kunizika."

Yorn akamrudishia Thavy kamera kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali.

"Bila taa mimi ni giza. Kwa taa mimi ni maiti. Nilikwambia, mwanangu, picha inajua. Sasa rudi kwenye ibada. Usilie, poda itapasuka."

Kalyan alikuwa ameshaanza kulia, kimya, ameinua kidevu ili machozi yasiteremke kwenye poda. Kwenye spika mzee wa ibada alikuwa akimwita bibi harusi kwa ibada ya kukata nywele. Thavy alisimama na kamera yake kifuani.

Akavuta kiti cha plastiki, akakaa meza yetu, akaanza kuzungusha lile gurudumu ambalo hakuligusa tangu aanze kuuza weupe. Akateremsha nguvu ya flashi. Akaupiga picha mkono wake mwenyewe ukiwa umeinuliwa kwenye mwanga wa barabara. Akatikisa kichwa, bado ilikuwa kali, inakata. Akatazama mezani. Katikati ya mabakuli ya uji kulikuwa na roli ya karatasi laini ya waridi, ile ya chooni, ambayo kule huwekwa kila meza ya kulia ili watu wafute midomo. Akachana kipande, akakifunga mbele ya flashi kwa mpira wa nywele zake.

"Sasa unailisha na kuifuta mdomo?" Samol akauliza. Alikuwa amekuja na kamera yake ya video begani.

"Weka hilo jumba lako chini, kasimame pale."

"Pale wapi?"

"Pale aliposimama dada Yorn. Hapo hapo. Tazama ndani."

"Mimi ni mtu wa kupiga, si wa kupigwa."

"Leo utapigwa. Nenda."

Samol akaenda, akasimama mdomoni mwa turubai, ameupa jua mgongo. Yorn alisogea kumpisha, akimtazama kama anavyomtazama mteja anayeomba mchuzi wa bure. Thavy akaizima flashi kabisa, akapiga. Kisha akaiwasha, na ile karatasi ya waridi mbele yake, akasogea karibu hatua chache, akapiga tena. Akatazama kioo. Akaenda moja kwa moja kwa Yorn.

"Dada, nilikuahidi moja na ile moja nimeiharibu mimi. Sikuombi nyingine. Nakuomba utazame tu." Akamwonyesha picha ya kwanza. "Huyu nani?"

Yorn akainama. "Simjui. Ni giza."

"Ni Samol. Alisimama ulipokuwa umesimama wewe. Samol, wewe ni mjane?"

"Mke wangu yule pale," Samol akasema. "Anakula bakuli la pili. Mkosi wa nyumba yetu ni mwingine kabisa."

Watu wa meza za karibu wakacheka, na mke wake, mdomo umejaa, akamrushia kijiko. Yorn hakucheka. Alikuwa bado ameinama juu ya ile picha nyeusi.

"Ana mke," akasema polepole, "na ametoka hivi."

"Angekuwa na wake watatu angetoka hivyo. Mahali pale ndipo palivyo. Jua linakuwa nyuma yako, kamera inalitazama jua, inakusahau wewe. Sasa tazama hii."

Akabonyeza. Picha ya pili ilikuwa ya Samol yule yule, pale pale, barabara nyuma yake ikiwa bado na mwanga na masinia ya matunda yakionekana, na uso wake ulikuwa wa rangi yake ya kahawia, wenye jasho kwenye pua.

"Hata chunusi inaonekana," Samol akasema, ameingiza kichwa.

"Chunusi ndiyo nilikuwa naitafuta."

Yorn akairudisha ile nyeusi, akaitazama. Akaileta hii, akaitazama. Alifanya hivyo mara nyingi, kidole chake cha kupikia kikibonyeza kitufe kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Tulimtazama wote, na kwenye spika jina la bibi harusi liliitwa tena, safari hii kwa uchungu.

"Harusi ya Phally," akasema mwisho. "Nilisimama pale. Ya Bunna, nilisimama pale. Ya yule mrefu wa Pursat." Akairudisha tena ile nyeusi. "Miaka yote hii ni mahali tu?"

"Ni mahali tu, dada."

Akamtazama Kalyan, ambaye poda yake sasa ilikuwa na mifereji miwili. Akatoa kitambaa begani, akamfuta, akaharibu zaidi. Kisha akarudi mdomoni mwa turubai, akasimama wima, akamshika mtoto mkono juu ya kiwiko kama mtu anayevuka naye barabara.

"Haya. Na hilo karatasi lako la chooni."

Thavy alisogea, akapiga. Mwanga haukurusha mtu nyuma kama ule wa kwanza. Ulipita kama mtu aliyefungua dirisha. Hakutazama kioo kwanza. Alimpa Yorn.

Mimi niliiona baadaye, dukani, ilipochapishwa. Barabara ipo nyuma, angavu bila kuungua, na muuza maji ya miwa amegeuka kutazama. Kalyan ana rangi ya poda na machozi. Yorn ana uso wake: mweusi wa moto na jua, mistari miwili mirefu kando ya mdomo, kovu dogo la mafuta ya moto kwenye shavu. Macho yamepata nukta ya mwanga kila moja. Si mrembo wala hajapendezeshwa. Ni mtu aliyesimama mbele yako na ambaye ungeweza kumsalimia.

Yorn aliisogeza kamera karibu na macho.

"Nimezeeka hivi?"

"Umezeeka, mama mkubwa."

"Na hakuna aliyeniambia." Akagusa kioo kwa ncha ya kidole, kwenye mdomo. "Njoo uone. Mdomo huu ni wa mama yako. Nilishausahau. Kumbe ninao mimi."

Kalyan akaweka kichwa chake, na mataji yake yote ya ibada, begani mwa yule mwanamke, mbele ya wageni, na Yorn hakumwambia arudi ndani.

Kisha alifanya jambo ambalo lilimshtua Thavy. Aliunganisha viganja na kuviinua mpaka kwenye pua, salamu ambayo mdogo humpa mkubwa, au mtu humpa mtawa. Thavy alikuwa mdogo kwa miaka kama kumi. Akamshika mikono kuishusha.

"Dada, usinifanyie hivyo nami ni mdogo wako, utanipunguzia miaka ya kuishi."

"Niache nishukuru. Umenitoa."

"Basi nami nina wa kumshukuru," Thavy akasema. Macho yake yalikuwa yamelowa na alikuwa akihangaika na mpira wa nywele kwenye flashi ili asionekane. "Alikuwa mwizi wa karata."

Yorn hakuelewa, wala hakuuliza. Alikuwa tayari na jambo lingine.

"Piga tena. Ile sikutabasamu."

Mzee wa ibada alitangaza kwa spika kwamba mkasi uko tayari, bwana harusi yuko tayari, nywele ndizo hazipo. Thavy akapiga tena. Yorn akatazama, akasema tabasamu limekuwa la kuuza tambi, arudie. Akamwita Visal, kisha akamfukuza kwa sababu watakuwa watatu, na mtu wa katikati katika picha ya watu watatu hufa mapema. Kisha akamrudisha, akamvuta na mke wa Samol, wakawa wanne. Thavy alibadilisha karatasi ya waridi ilipoanza kuchanika. Ibada ya nywele ilichelewa, na mzee akanung'unika, na hakuna aliyejali. Nywele zilipokatwa hatimaye, Yorn alirudi kusimama pale pale mdomoni mwa turubai, kwa hiari yake, jua mgongoni. Lakini kila Thavy alipogeuka na kamera, yule mwanamke alinyoosha shingo.

"Ile ya kwanza," alimwambia Kalyan jioni, wakati viti vinakunjwa, "ile niliyozeeka. Hiyo nenda nayo. Itundike unapotaka. Za kucheka niachie mimi."

Msimu ule wote Thavy alifanya kazi na karatasi mfukoni. Alianza kuwauliza wateja: unataka kuwa mweupe, au unataka kuwa wewe? Wengi walisema weupe, na aliwapa weupe wao bila kuwahubiria. Kila mtu ana haki ya kuota. Ila siku zile walitokea wachache waliosita, wakasema, nipige nilivyo. Nyanya wengi zaidi. Mtawa mmoja. Mwanamume mmoja aliyetaka picha ya madhabahu ya nyumbani kwake, ya kutumiwa siku atakapokufa, na akasema wajukuu wake wasije wakafukiza ubani mbele ya mgeni. Usiku, nikipanda ngazi, nilimkuta mara nyingi amekaa na kamera mapajani akizungusha lile gurudumu mbele na nyuma. Aliniambia kwamba kwa miaka alidhani anaijua kazi yake, na kwamba ni bahati kubwa mtu kupata mteja mgumu akiwa bado ana nguvu za kujifunza. Nami nilijiona mwenye bahati kupanga chumba katika nyumba ile.

Kabla sijaondoka Battambang nilikuwa nakula tambi karibu na daraja asubuhi nyingi. Asubuhi moja simu ya Yorn ililia, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na mchuzi, aliiweka kwenye spika, akaiegemeza kwenye chombo cha pilipili. Ilikuwa Melbourne. Sauti ya Kalyan ilikuja na kelele za mvua.

"Mama mkubwa, umekula?"

"Nimekula. Niambie, bado naonekana?"

"Unaonekana."

"Hata asubuhi? Hata mkifungua pazia?"

"Hata tukifungua pazia. Wageni wakija wanauliza huyu ni nani."

"Unawaambia nini?"

"Nawaambia ndiye aliyenilea."

Yorn alichukua bakuli langu, ambalo nilikuwa nimeshalimaliza, akalijaza tena mpaka juu, akalisukuma mbele yangu bila kuniuliza.